Mwenzi wako ametoka hospitali baada ya operesheni kubwa ya tumbo: maswali na majibu

Majibu haya yanamhusu mtu mzima aliyefunguliwa tumbo, iwe ni kutolewa kipande cha utumbo, kizazi, figo au uvimbe, pamoja na mwenzi anayemuuguza nyumbani. Pale ambapo daktari aliyempasua amesema tofauti, fuata la daktari, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona kilichomo ndani.

Kesho tunaruhusiwa. Nisiondoke wodini bila kupata nini?

Maelezo yaliyoandikwa. Karatasi iseme ni operesheni gani imefanyika, dawa zipi ni mpya, na zile za zamani (hasa za presha, za kisukari na za kuzuia damu kuganda) zipi ziendelee na zipi zisimame. Iseme kama nyuzi zitayeyuka zenyewe au zitatolewa, na lini. Iwe pia na namba ya simu inayopokelewa hata usiku. Kama anatoka na mrija wa kutoa maji au mfuko wa mkojo, mwombe muuguzi akuangalie ukiumwaga kwa mikono yako mwenyewe angalau mara moja. Kutazama tu hakutoshi. Ukifika nyumbani utasahau ni kifuniko kipi hufunguliwa kwanza.

Nyumba niiandaeje?

Ondoa mazulia madogo na nyaya njiani, acha taa hafifu ikiwaka usiku kuelekea chooni, na tafuta kiti kirefu, kigumu, chenye mikono. Sofa laini humzamisha, na kuinuka kutoka humo hukaza misuli ileile iliyokatwa.

Mume wangu anasema atameza dawa maumivu yakizidi tu. Yuko sahihi?

Hapana, na ukaidi huu hugharimu wengi. Mwenye maumivu havuti pumzi ndefu wala hakohoi, hivyo makohozi hutuama chini ya mapafu na kuleta nimonia. Hatembei, na damu huganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa siku za mwanzo dawa humezwa kwa saa, maumivu yawepo au yasiwepo.

Parasetamoli kwa mtu mzima kwa kawaida ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 ndani ya saa 24. Aliye chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe kupita kiasi apangiwe kipimo kidogo zaidi na daktari. Soma maboksi yote yaliyomo nyumbani: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Ibuprofeni na diklofenaki asipewe mpaka daktari aruhusu, kwa sababu huweza kuumiza figo na kutoboa tumbo lenye vidonda.

Dawa kali kama tramadoli, kodeini na mofini zisichanganywe na pombe wala dawa za usingizi. Kusinzia kidogo ni kawaida. Asiyeamka unapomtikisa, au anayevuta pumzi chini ya 10 kwa dakika, huyo yuko hatarini. Piga simu ya dharura papo hapo.

Usitarajie dawa imwondolee maumivu yote. Inatosha ikimwezesha kukohoa, kujigeuza na kutembea. Mpe kama dakika 45 kabla ya kuoga au kutembea, na kila dozi iandike saa yake kwenye daftari, kwani saa nane usiku hakuna anayekumbuka.

Anainukaje kitandani bila kuvuta mshono?

Asijikunje kwenda mbele kama alivyozoea. Akunje magoti, nyayo zikae kwenye godoro, kisha ajigeuze ubavu mabega na nyonga zikienda pamoja kama gogo. Ateremshe miguu pembeni mwa kitanda huku akijisukuma kwa kiwiko na kiganja cha mkono wa pili. Uzito wa miguu inaposhuka ndio unaomwinua. Akae dakika moja au mbili, kizunguzungu kipite, ndipo asimame.

Wewe simama mbele yake, mkono mmoja nyuma ya bega. Usimvute mikono, na asikuning'inie shingoni. Mtaanguka wote wawili. Anapotaka kukohoa, kucheka au kupiga chafya, akumbatie mto mdogo juu ya mshono na kuubana.

Namfanyia kila kitu, lakini naona anazidi kudhoofika. Nakosea wapi?

Huenda ni hapo hapo kwenye "kila kitu". Misuli ya mapaja huanza kupungua nguvu ndani ya siku chache za kulala, na kila glasi unayomletea kitandani ni safari moja aliyoikosa. Tunajua ni upendo, na inauma kumtazama akihangaika kuvaa shati. Hata hivyo mpe muda alivae, wewe umfungie vifungo tu.

Mpango unaofaa ni huu. Milo yote ale akiwa amekaa kitini. Atembee ndani ya nyumba mara nne au tano kwa siku, dakika tano tano, na kila siku muongeze kidogo. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu 10, akizishikilia sekunde mbili tatu, kisha akunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara 10 kusukuma damu irudi juu. Kama ameandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, zimalizwe zote. Wengine hupangiwa hadi siku 28, kwa kuwa hatari ya damu kuganda haiishi siku ya kutoka wodini.

Kipimo chenu kiwe asubuhi ya siku inayofuata. Akiamka na maumivu zaidi ya jana, punguzeni mwendo kwa nusu. Akiamka sawa, ongezeni.

Kidonda nikitunzeje?

Kwa saa 48 za mwanzo bandeji ya hospitali isiguswe isipokuwa imelowa au imebanduka. Baada ya hapo, kama daktari hakukataza, aoge kwa maji yanayomiminika, sabuni ipite juu bila kusugua, kisha apapaswe kwa taulo safi. Asijitumbukize kwenye beseni wala bwawa hadi kidonda kifunge kabisa. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kukigusa. Usipake mafuta, majivu, asali wala unga wa vidonge vya antibayotiki.

Wekundu mwembamba kandokando ya mshono, muwasho na ganzi ni sehemu ya kupona. Wekundu unaotambaa, joto, uvimbe, usaha au harufu si kupona. Ukipiga picha kila siku, kwa mwanga uleule na umbali uleule, utaona mabadiliko ambayo macho yaliyokizoea kidonda hayaoni. Maambukizi mara nyingi hujitokeza baada ya siku kadhaa nyumbani, hivyo usilegeze macho kwa sababu wiki ya kwanza ilikuwa shwari.

Leo ni siku ya nne hajapata choo.

Utumbo huzubaa baada ya kushikwashikwa, na dawa kali za maumivu huufanya mzito zaidi. Kama anatoa hewa, anakula kidogo na hatapiki, mpeni maji ya kutosha, atembee, na muulizeni daktari au mfamasia dawa ya kulainisha choo. Kwa anayetumia kodeini au tramadoli ni bora ianze mapema. Akiwa chooni aweke miguu kwenye kigoda na asijikamue. Aliyekatwa utumbo asipigwe enema (maji yanayoingizwa njia ya haja kubwa ili kutoa choo) nyumbani. Tumbo likijaa na kukaza, hewa haitoki na anatapika, huenda utumbo umeziba: arudi hospitali siku hiyohiyo.

Hataki kula.

Mpe milo midogo mitano au sita badala ya mitatu mikubwa, na kila mlo uwe na protini kama mayai, samaki, maharage, nyama laini au maziwa, kwa kuwa ndiyo inayojenga kovu. Aanze na protini kabla ya kushiba. Mkojo wa rangi ya njano hafifu huonyesha maji yanamtosha.

Amekuwa mkali, mara analia. Je, ni mimi?

Mara nyingi si wewe. Uchovu, usingizi wa vipandevipande, dawa, na aibu ya kuogeshwa humgeuza hata mtu mpole. Muulize "nikusaidie au nikae tu?" kabla ya kushika. Majonzi yakidumu zaidi ya wiki mbili, au akisema hataki kuishi, aonwe na mtaalamu. Hilo la pili lisisubiri hata siku moja. Mzee anayechanganyikiwa ghafla, asijue alipo wala ni saa ngapi, hana "uzee" wala hasira: huenda ana maambukizi, mkojo uliozuiliwa au dawa iliyomzidi. Apelekwe leo.

Nawe ulale. Mtafute mtu wa kushika zamu angalau usiku mmoja au miwili kwa wiki, kwani makosa ya dozi hufanywa na aliyechoka.

Lini atabeba mtoto, ataendesha gari, tutafanya mapenzi?

Kwa tumbo lililofunguliwa kwa mkato mrefu, kwa kawaida asibebe zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 6, maana ngozi hufunga haraka kuliko tabaka za ndani, na pengo la ndani huzaa henia (ngiri, yaani utumbo kusukumwa nje chini ya ngozi). Mtoto apande mwenyewe kitini, kisha akumbatiwe. Gari asiendeshe akiwa kwenye dawa kali, wala kabla hajaweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Mapenzi hurudi maumivu yanapopungua na wote wakitaka, kwa mkao usiolemea tumbo. Aliyetolewa kizazi asubiri ruhusa ya daktari, mara nyingi wiki 6 hadi 8.

Dalili zipi zisisubiri asubuhi?

Kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua au kukohoa damu. Shavu la mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa moto. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa yenye kutetemeka. Damu isiyokoma hata ukibana kwa dakika 10. Kushindwa kukojoa.

Maji ya rangi ya waridi yakibubujika ghafla kutoka kwenye mshono, huenda tabaka za ndani zimeachia. Utumbo ukichomoza, usiurudishe ndani. Mlaze chali magoti yakiwa yamekunjwa, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, na uite gari la wagonjwa. Asile wala kunywa chochote njiani, maana huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Beba lile daftari la dozi na dawa zake zote.