Usianze na adui yako

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza tafakuri ya Kibudha huwa na mtu mmoja aliyewakaa rohoni: mume waliyeachana, au ndugu aliyeuza shamba la urithi kimyakimya. Wanakaa, wanafumba macho, wanamvaa huyohuyo, wakijilazimisha kumtakia heri. Dakika tano baadaye meno yamekazana. Najua, maana mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima hivyo.

Mtawa Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga, kitabu cha mafunzo ya tafakuri, huko Sri Lanka katika karne ya 5, alishaonya. Metta, yaani kumtakia mtu heri, huanza na nafsi yako. Unafuata mtu unayemheshimu, kama mwalimu wako, halafu rafiki wa kufa na kuzikana, halafu mtu usiye na neno naye, kama yule unayepanda naye daladala kila asubuhi. Adui ni wa mwisho. Na ukimfikia hasira ikapanda, unarudi nyuma kwa wale wa kwanza, hata mara ishirini. Huko kurudi si kushindwa; zoezi lenyewe ndilo hilo.

Kipali, lugha ya maandiko hayo, hutenganisha kodha, ambayo ni hasira, na upanaha, ambacho ni kinyongo. Buddha alisema kuna mtu ambaye hasira yake ni kama maandishi yaliyochongwa kwenye mwamba, mwingine ni kama yaliyoandikwa ardhini, na wa tatu ni kama yaliyoandikwa juu ya maji. Nyundo ya kuchongea mwamba huo ni masimulizi. Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, inayataja mwanzoni kabisa: alinitukana, alinipiga, alinishinda, aliniibia. Kila unapomhadithia jirani upya, umegonga tena. (Ndiyo, hata ukimhadithia mwalimu wa tafakuri.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Buddha. Mtawa anayevaa nguo za matambara ya kuokota anaona tambara njiani. Analikanyaga kwa mguu wa kushoto, analikunjua kwa wa kulia, anachana kipande kizima na kwenda nacho. Kilichooza anakiacha palepale. Ndivyo unavyomtazama mtu mwenye matendo mabaya lakini mwenye kauli njema: unachukua kauli. Asiye na kipande kizima hata kimoja je? Huyo, asema Sariputta, ni kama mgonjwa aliyeanguka njiani, kijiji alichotoka kiko mbali na anakokwenda mbali vilevile. Mtu wa namna hiyo hadaiwi, anahurumiwa.

Kuna watu huniuliza kama ni lazima wakapatane na aliyewaumiza, hasa waliopigwa. Nawajibu hapana. Katika njia tano ambazo Buddha mwenyewe alizitaja za kuondoa kinyongo, metta na huruma zimo, na imo pia hii: kutomtia huyo mtu akilini kabisa. Wapo ninaowaanzisha na hiyo, na jina la aliyewaumiza hatulitaji darasani kwa miezi.