Je, wajua? Neno "room" lilikuwa nafasi kabla halijawa chumba

Mwulize mwanafunzi wa shule ya msingi "room" ni nini, atakujibu bila kusita: chumba. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Kisha siku moja anamsikia mtu mlangoni mwa basi lililojaa akisema "there is no room", na ile maana ya darasani haimfikishi popote, kwa sababu basi halina vyumba. Kinachosemwa pale ni kwamba nafasi imekwisha.

Wengi hudhani chumba ndiyo maana ya asili, na nafasi imeongezwa baadaye. Mambo yalikwenda kinyume kabisa. Neno lilianza likiwa na maana ya nafasi, likakaa hivyo kwa mamia ya miaka, ndipo likaja kutumika kwa chumba.

Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno "rum", u yake ikivutwa kama tunavyoivuta katika "kuu". Maana yake ilikuwa uwazi, upana, mahali pasipobana, na pia wasaa wa kufanya jambo. Chumba kilikuwa na majina yake mengine, "cofa" na "bur". Majina hayo hayakufa, ila yalihama: la kwanza leo ni "cove", yaani ghuba ndogo, na la pili ni "bower", kivuli cha miti bustanini. "Rum" lilitumika pia kama sifa ya kitu kipana, na upana huo uliufikia hata moyo. Katika Beowulf, utenzi mkongwe wa Kiingereza, mfalme Hrothgar anaitwa "rumheort", mwenye moyo mpana, kwa maana ya mkarimu. Sisi mtu wa namna hiyo tunasema ana moyo mkunjufu, moyo uliokunjuliwa, na sidhani kama Hrothgar angeweza kupewa sifa ya Kiswahili inayomkaa vizuri zaidi.

Ndugu za neno hili zinaonyesha jambo lilelile. Wajerumani wana "Raum", ambalo kwao ni chumba, ni nafasi, na likiunganishwa na neno la ulimwengu linakuwa anga za juu. Waholanzi wana "ruim", lenye maana ya pana, na ndilo jina lao la ngama, lile tumbo la meli linalopakiwa shehena. Wanaisimu wanalihusisha pia na neno la Kilatini "rus", mashamba ya nje ya mji, ambalo ndilo lililozaa "rural" ya Kiingereza. Kwenye mzizi wa ukoo huu hakuna ukuta wala mlango, kuna ardhi iliyo wazi.

Ukuta uliingiaje basi? Mifano ya mapema ya "room" kwa maana ya sehemu iliyotengwa inatoka melini, karne ya 14. Katika karne ya 15 ndipo tunapoikuta ikitumika kwa chumba cha nyumba. Ili kuelewa kwa nini ilichelewa hivyo, tazama nyumba zenyewe. Kwa karne nyingi, kaya nyingi za Uingereza ziliishi katika ukumbi mmoja. Moto uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukapanda na kutokea paani, na watu wakala na kulala humohumo. Juu ya moto wa namna hiyo huwezi kujenga ghorofa. Matajiri walikuwa na vyumba vya faragha mapema, lakini ni kuenea kwa mabomba ya moshi, hasa katika karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17, kulikowawezesha watu wa kawaida kuweka dari na kuta za ndani. Nafasi moja ikagawanywa, na kila kipande kikaendelea kuitwa nafasi.

Maana hizo mbili ziliishi pamoja kwa muda mrefu, na hapa ndipo wasomaji wa leo wanapojikwaa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Luka 14:8, Yesu anaonya kwamba ukialikwa harusini usiketi katika "the highest room". Msomaji wa leo anaona chumba cha ghorofani. Kumbe ni kiti cha heshima, kiti cha mbele. Katika Mathayo 2:22 Arkelao anatawala "in the room of his father Herod", na si kwamba amejifungia katika chumba cha baba yake. Ameshika nafasi yake. Zaburi 31:8 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kiingereza kinasema Mungu ameisimamisha miguu ya mtunzi "in a large room". Ukiichukua kama chumba kikubwa, ladha yote inapotea, maana anayesema ni mtu aliyeponyoka mikononi mwa adui, na mtu wa namna hiyo hafurahii kuwekwa ndani ya kuta nne. Biblia yetu ya Kiswahili imeipata sawasawa: "panapo nafasi".

Shakespeare naye ana mfano mtamu. Katika mchezo wake wa ndoto ya usiku wa kiangazi, ulioandikwa miaka ya 1590, kijana Lysander na mpenzi wake Hermia wamepotea msituni, na usiku umeingia. Lysander anamsihi asimnyime "bed-room" ubavuni pake. Wako porini, hakuna nyumba wala kitanda, kwa hiyo hawezi kuwa anaomba chumba cha kulala. Anaomba nafasi ya kujinyoosha karibu naye. Hermia, kwa adabu, anamwambia alale mbali kidogo.

Matamshi nayo yana kisa. Kati ya karne ya 15 na ya 17, irabu ndefu za Kiingereza zilihama. Nyumba iliyokuwa "hus" ikawa "house", panya aliyekuwa "mus" akawa "mouse". Kwa kanuni hiyo "rum" ingepaswa leo kutamkwa "raum", kama ilivyo kwa Wajerumani. Haikuhama kwa sababu ya ile m ya mwisho: sauti zinazotamkwa kwa midomo ziliishikilia u mahali pake. Na zama hizo jina la mji wa Roma lilitamkwa karibu sawa na "room". Ndiyo maana katika Julius Caesar, mchezo ambao tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963, Cassius anacheza na sauti hizo mbili anapolalamika kwamba Roma yote sasa ina nafasi ya mtu mmoja tu.

Kwa nini basi anga za juu kwa Kiingereza ni "space", si "room"? Kwa sababu ya Kifaransa. Yapata mwaka 1300 Waingereza waliazima "espace", mtoto wa "spatium" ya Kilatini, na mgeni huyo akachukua polepole kazi za maana pana, hadi umbali kati ya nyota. "Room" likabaki na mambo ya karibu na mwili: nafasi ya miguu kwenye kiti cha ndege, nafasi ya kichwa chini ya dari. Kifaransa kilileta pia "chamber", kutoka "camera" ya Kilatini, ambalo ni chumba tangu mwanzo. Ukoo huo umetufikia sisi pia: kamera ni kifupi cha "chumba chenye giza", na komredi ni mtu mliyelala naye chumba kimoja, kutoka Kihispania.

Kwetu sisi kazi hizo zina maneno mawili yenye asili tofauti. Chumba ni nyumba iliyofanywa ndogo. Nafasi imetoka kwenye neno la Kiarabu la pumzi.

Ukitaka kujua Mwingereza anakusudia maana ipi, sikiliza kinachotangulia. Akisema "a room", au akiweka wingi "rooms", anahesabu vyumba. Akisema "room" tupu, kama katika "make room" au "no room", ni nafasi, nayo haihesabiki. Wanafunzi wetu wa vyuo wanaosema "niko rumu" wameazima ile maana changa peke yake. Na "mushroom", uyoga, haimo kabisa katika ukoo huu. Hiyo ilitoka Ufaransa ikiwa "mousseron", na Waingereza wakaitamka kwa sauti walizozizoea.