Arusha ina mahakama za kimataifa, kampuni inashtakiwa wapi?

Wanaokuja ofisini kwangu hapa Arusha wakilalamikia kampuni kubwa za nje, iwe kwa mto uliochafuliwa au ardhi iliyochukuliwa kwa fidia duni, wengi huwa wameshaamua pa kwenda: "Wakili, si mahakama ya kimataifa ipo hapa hapa mjini?" Zipo, na mbili ndizo zinazohusu malalamiko ya namna hii. Ila kampuni haishtakiwi katika yoyote kati yake.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu husikiliza kesi dhidi ya nchi. Tena Tanzania, mwenyeji wake, Novemba 2019 ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kufungua kesi moja kwa moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mahakama ya Afrika Mashariki huwapokea wananchi, lakini wadaiwa ni nchi wanachama na taasisi za Jumuiya, na muda ni miezi 2 tu tangu kitendo kitokee au ukijue. Asasi zilizopinga bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga zilifungua shauri Novemba 2020. Novemba 2023 likatupwa kwa kuchelewa, hoja za mazingira hazikuamuliwa. TotalEnergies ya Ufaransa, mbia mkubwa wa bomba, haikuwa hata mdaiwa.

Basi kampuni ishtakiwe wapi? Nchini kwao. Na huko kampuni mama hukimbilia kusema aliyechafua ni kampuni tanzu, yaani ile inayoimiliki huku kwetu, yenye usajili wake na hesabu zake. Wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waliukabili utetezi huo. Walidai mgodi wa shaba wa Nchanga umechafua maji yao, wakaishtaki London kampuni mama ya mgodi huo, Vedanta, iliyosajiliwa Uingereza. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaruhusu kesi iendelee huko. Pamoja na ugumu wa kupata haki Zambia, kilichowabeba ni nyaraka za Vedanta yenyewe: ilishatangaza hadharani kwamba inasimamia viwango vya mazingira kwenye migodi ya kampuni zake tanzu. Ukijitangaza msimamizi, utaulizwa ulisimamia nini. Januari 2021 walimalizana nje ya mahakama, bila kampuni kukiri kosa.

Kwa hiyo, kabla hamjafunga safari kuja kwangu, pakueni ripoti za mazingira za kampuni mama na kuzihifadhi, maana tovuti hubadilishwa. Mje nazo pamoja na picha zenye tarehe, majibu ya maabara na kila barua mliyoandikiana na kampuni, hata ile isiyojibiwa.