Ngome ya Kale Njiani: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Msafiri wa gari akiona kibao cha ngome ya kale, huwa ameshajisimulia hadithi yote kabla hajashuka: ukuta mnene, mizinga, vita kila kukicha. Ndiyo maana wengi hupiga picha getini na kuondoka.

Tuanze na ukuta, maana hapo ndipo watu hukosea zaidi. Inaaminika kuwa unene ndio nguvu. Fort Pulaski, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ilijengwa kwa kuta za matofali zenye unene wa zaidi ya mita 2, na wanajeshi wenyewe waliamini hakuna mzinga wa kuzivunja kutoka ng'ambo ya maji. Aprili 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mizinga mipya yenye mifereji ndani ya mtutu ilipiga kutoka kisiwa cha Tybee, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Kona ikatoboka, makombora yakaanza kupenya kuelekea ghala la baruti, na siku ya pili kamanda akasalimu amri. Pengo lilizibwa kwa matofali mekundu zaidi, kwa hiyo hata leo huhitaji kuoneshwa lilipokuwa.

Sasa linganisha na Castillo de San Marcos, kule St. Augustine, Florida, iliyoanza kujengwa mwaka 1672 kwa jiwe laini la makombe ya baharini yaliyoshikamana. Jiwe hilo unaweza kulidharau ukiligusa. Waingereza waliizingira ngome hiyo mwaka 1702 na tena 1740, risasi za mizinga zikazama ukutani badala ya kuupasua. Haikutekwa kwa nguvu kamwe.

Zile pembe zinazochomoza kama ncha za nyota nazo hudhaniwa ni mapambo. Nenda Fort Jesus, Mombasa, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kuanza kujengwa mwaka 1593, ukapande kwenye mojawapo ya pembe hizo, yaani buruji, kisha utazame chini ya ukuta wa pembeni. Adui aliyefika pale alipigwa kutoka ubavuni. Mahali pa kujibanza alinyimwa makusudi.

Na vita? Miaka mingi ya ngome nyingi ilipita kwa zamu, gwaride na kungoja. Hata pale palipopiganwa, silaha haikuwa muuaji mkuu. Waomani walipoizingira Fort Jesus, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi na njaa viliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi.

Handaki linaloizunguka ngome si lazima liwe na maji. Mengi yalichimbwa yabaki makavu. Wala ukuta wenyewe si lazima. Wanaofika Fort Laramie, Wyoming, hutafuta boma la magogo waliloliona kwenye sinema, wakakuta majengo yaliyozunguka uwanja wa gwaride tu. Jeshi liliinunua mwaka 1849 na halikuizungushia ukuta.

Wanaosema nusu saa inatosha wamehesabu vyumba vya ndani peke yake. Binafsi ningezunguka nje kwanza, kwa sababu ngome ilisanifiwa kwa kumfikiria anayekuja kutoka nje. Juu ya kuta hakuna kivuli, basi panda asubuhi au alasiri, vaa viatu visivyoteleza, na watoto uwashike mkono: kingo nyingi za kale hazina vizuizi.