Je, simu imeiua kompyuta?

Wengi tunaamini kompyuta ya mezani imepitwa na wakati, kwa kuwa kila kitu sasa kiko kwenye simu. Imani hiyo ina chanzo: mwishoni mwa 2016, vipimo vinavyotajwa sana vilionyesha simu na tableti zikiipita kompyuta katika matumizi ya intaneti kwa mara ya kwanza duniani.

Ila kilichohesabiwa ni kurasa za intaneti zilizofunguliwa, si kazi iliyofanyika. Anayeperuza kurasa ishirini ndani ya daladala anahesabiwa mara ishirini. Mhasibu aliyeshinda na faili moja la hesabu kwenye kompyuta yake haonekani kabisa. Na hizo programu za simu zenyewe, kwa kawaida huandikwa kwenye kompyuta.

Simama dakika kumi tu kwenye steshenari ya mtaani. Mteja katuma CV kwa WhatsApp, kaiandika kwa simu, jedwali limevurugika. Kijana wa dukani anaifungua kwenye kompyuta, anainyoosha, anaprinti. (Kipanya chenyewe kimechakaa, lakini hakipumziki.)

Ukikutana na asilimia za simu dhidi ya kompyuta, uliza: wamehesabu nini, nchi gani, na tableti wameiweka upande upi? Kwa kutuma pesa na kupiga soga, simu inatosha kabisa; kwa kazi kama ile CV au faili la hesabu, kompyuta bado ina nafasi yake.