Je, wajua? Kuna kombora la helikopta linaloongozwa kwa waya, na waya wenyewe hauvutwi

Kwa miaka mingi nilikuwa nawaelezea watu, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba kombora la TOW, lile la Kimarekani la kupigia vifaru vya vita, likirushwa linakimbia na waya kutoka kwenye helikopta, kama jodari aliyenasa anavyokimbia na mshipi huku mvuvi anaachia tu mtumbwini. Nilikuwa nadanganya watu. Na ukiamini hivyo hii kitu inaonekana haiwezekani, maana kilomita 3 za waya mwembamba kama uzi zikivutwa hewani kwa mwendo wa kombora, juu ya miti na vichaka, si zinakatika hata nusu ya safari haijafika?

Kumbe rili ya waya haipo kwenye helikopta, ipo ndani ya kombora lenyewe. Fanya hivi nyumbani: funga ncha ya uzi kwenye msumari, shika rili mkononi, halafu tembea mpaka getini. Uzi ulioachwa nyuma umelala tu, haujongei, hata ukipita kwenye miiba haukatiki kwa sababu hakuna anayeuvuta. Sasa geuza, acha rili kwenye msumari, shika ncha ya uzi na utembee, hapo uzi wote unaburuzwa na kila mwiba unaudaka. TOW ni ile ya kwanza. Linaruka huku linamwaga nyaya mbili nyuma yake, sekunde kama 15 limemaliza mita 3,000, na hizo nyaya hazibebi nguvu yoyote zaidi ya vijiumeme vya kuliambia nenda kushoto, panda, shuka. (Herufi W kwenye TOW ndo waya, kwa bahati hata kwa Kiswahili inakubali.)

Kosa langu la pili, nilidhani kuna mtu analiendesha kombora kwa kijiti kama mtoto anayecheza gemu. Hilo sio uongo kabisa, ila ni la makombora ya zamani. Wafaransa walikuwa wanarusha SS.11 kutoka kwenye helikopta vitani Algeria tangu miaka ya 50, nalo la waya, kwa hiyo TOW sio la kwanza hata kidogo. Shida ya SS.11 ni kwamba mrushaji anaangalia vitu viwili kwa mpigo, kombora na shabaha, kama unamwelekeza mtu aliyefungwa kitambaa machoni akachukue ndoo, kulia, kulia, hapana umezidi, rudi. Kwenye TOW wewe unainyooshea ndoo kidole tu na kutulia. Anayemwangalia yule wa kitambaa ni mwingine: sensa kwenye helikopta inaona taa iliyoko mkiani mwa kombora, inapima limepotoka kiasi gani kutoka pale unapolenga, kompyuta inatuma masahihisho kwenye waya. Wewe kazi yako ni kuweka alama ya darubini juu ya kifaru na kutoiondoa, ambayo ni rahisi kusema.

Vitani lilionekana vizuri Vietnam, 1972. Mwishoni mwa Machi Vietnam Kaskazini ilishambulia na vifaru vingi, wakati huo Marekani imesharudisha nyumbani askari wake wengi wa ardhini, basi zikapelekwa haraka haraka helikopta mbili za UH-1B, za kizamani tayari, zimefungwa mfumo wa majaribio wa kurushia TOW ulioitwa XM26, zikafika 24 Aprili pamoja na mafundi wa kampuni za Bell na Hughes. Tarehe 2 Mei zikapiga vifaru vinne. Vifaru vyenyewe sasa, M41, vimetengenezwa Marekani, vilikuwa vimetekwa kutoka kwa jeshi la Vietnam Kusini! Tarehe 26 Mei alfajiri zikaitwa kwa dharura mji wa Kontum, hesabu ikatoka vifaru tisa kwa siku moja. Ila hizo ni hesabu za Wamarekani wenyewe, na kifaru kinachofuka moshi ukikiangalia kutoka kilomita mbili tatu sio lazima kiwe kimekufa, kwa hiyo mi nazichukua kama makadirio mazuri, basi.

Leo helikopta nyingi zimehamia kwenye makombora yanayoongozwa kwa leza, kina Hellfire, hakuna waya. Lakini mimi bado nalipenda hili la waya kwa kitu kimoja kidogo. Kama rili na taa vyote viko mkiani, moto wa injini utokee wapi? Ukitokea nyuma kama kwenye roketi ya kawaida unaunguza waya. Kwa hiyo injini ya kurukia imetobolewa ubavuni, matundu mawili, kulia na kushoto, na moto unatoka kwa mshazari kila upande, waya unapita katikati salama.