"Savikaina" si "prime cost", jamani

Mteja mwingine tena kaniletea taarifa za hesabu za kampuni ya Lithuania na ujumbe uleule: "Zigeuze chapchap kwa Kiingereza, ni namba tu." Haya, tuanze na namba. Mlithuania huandika 1 250,50, Mwingereza 1,250.50. Kwenye safu ya tani, nakili 12,500 bila kugusa mkato, na tani kumi na mbili na nusu zimegeuka elfu kumi na mbili na mia tano. Hilo tuliache, mhariri makini atalinasa.

Kinachonikera hasa ni savikaina, yaani gharama yote ya kutengeneza bidhaa. Kila mara naikuta imeandikwa "prime cost". Chukua karakana ya viti: mbao za kiti kimoja yuro 40, ujira wa fundi 20, na fungu lake la umeme, pango na uchakavu wa mashine 15. Kwa mhasibu wa Vilnius, savikaina ya kiti hicho ni 75. Kwa Mwingereza, "prime cost" ni gharama za moja kwa moja peke yake, yaani 60. Sasa wewe umemwandikia "prime cost 75". Ataongeza 15 za karakana, zije 90, aone bei ya kuuzia ni 85, aseme hawa watu wanauza kwa hasara. Hasara ipi? Kila kiti kina faida ya yuro 10, wewe ndiye uliyeifuta. Andika "cost of production". Na kwenye taarifa ya faida na hasara, pardavimo savikaina, gharama ya bidhaa zilizouzwa, ni "cost of sales". Basi.

Išlaidos (matumizi) na sąnaudos (gharama zinazokatwa kwenye mapato) nazo si pacha. Kununua mashine ni išlaidos. Uchakavu wake ndio unaokuja kuwa sąnaudos, tena ule wa karakana hulala kwanza ndani ya savikaina ya kiti mpaka kiti kiuzwe. Programu na leseni hazichakai, zina amortizacija, yaani gharama yake hugawanywa kidogokidogo kwa miaka ya matumizi.

Ninapobabaika mimi mwenyewe ni privalomasis rezervas, akiba ya lazima. Sheria ya Lithuania inataka 1/20 ya faida halisi itengwe kila mwaka hadi akiba hiyo ifike 1/10 ya mtaji wa hisa. Mimi huandika "legal reserve", bila raha: kampuni ya kawaida ya Uingereza haina kitu hicho, na msomaji anawaza fedha zilizofungiwa benki, kumbe ni mstari tu upande wa mtaji. "Mandatory reserve" ni mbaya zaidi, inamrusha moja kwa moja hadi kwenye akiba ambayo benki hulazimika kuweka benki kuu. Naweka maelezo chini ya ukurasa; kama yanasomwa, Mungu anajua.

Na balansas, yaani mizania? Niambie kwanza kampuni inafuata viwango gani. Vya kimataifa vilihamia "statement of financial position" katika marekebisho ya 2007 ya IAS 1, kiwango kinachohusu uwasilishaji wa taarifa za fedha, ila havimlazimishi mtu kutumia jina hilo. Kwa viwango vya Lithuania naandika "balance sheet", na mkaguzi anayetaka kubishana aje na kalamu yake.